Vipando Sitini vya Nurmat

Funga mlango huo, Shavkat, theluji inaingia, kisha uje ukae hapa upande wa miguu yangu nikuone, na hiyo saa ya mkononi ivue uitie mfukoni, kwa maana basi lako la Tashkent halitaondoka bila dereva. Oydin, binti yangu, liache birika, chai tuliyokunywa leo inatosha kuoshea maiti. Na wewe Bahrom, mwana wa ndugu yangu Nurmat, usikae karibu na mlango kama jirani aliyekuja kuomba moto. Njoo huku juu, mahali pa heshima, chini ya msumari wenye mkate wa baba yako. Sasa nisikilizeni nyote watatu, na asinikatize mtu, maana pumzi niliyobaki nayo nimeipima, inatosha maneno haya tu.

Miguu yangu ilikufa tangu wakati wa kuvuna. Daktari aliyekuja juzi alikunja vyombo vyake kabla chai haijapoa, na daktari anayekunja mapema amekwisha sema yote. Nyumba hii ni ya Shavkat, hilo halina mjadala. Ng'ombe na ndama wake ni wa Oydin, aliyewakamua. Nilichowaitia ni mzabibu uliolala chini ya udongo pale uani usiuawe na barafu, na kiapo nilichomwapisha Oydin juu yake miaka kumi na tisa iliyopita, kwamba hataondoka nyumbani hapa maadamu mzabibu u hai. Nataka kukivunja kabla sijafa. Lakini siwezi kukivunja mpaka niseme kwa nini nilikifunga, na nikisema hayo nitakuwa nimejivua nguo mbele ya mwana wa ndugu yangu. Ndiyo maana nimekaa kimya tangu Ijumaa mmekusanyika, mkidhani nimeishiwa nguvu. Nguvu ninazo. Nilikuwa naona haya.

Mnajua kwamba zabibu yetu haina mbegu, mmeila tangu hamjaota meno, lakini sidhani kama mmewahi kukaa mkafikiri maana yake. Zabibu yenye mbegu ina miguu yake. Ndege ataila, ataruka nayo, ataidondosha nyuma ya mlima, na huko itaota bila kumwomba mtu ruhusa. Ya kwetu imezaliwa tasa, na Mungu ameiachia njia moja tu ya kubaki duniani, nayo ni mkono wa mtu anayekata tawi lililokomaa, lenye macho manne au matano ya kuchipulia, akalizika mchangani wakati wote wa baridi, na mishmishi ya milimani, ile miti ya matunda madogo ya manjano, inapochanua ndipo analitoa na kulisimamisha ardhini. Mti hauendi ila kwa nyenzo. Na tena kinachoota pale si mtoto wa mzabibu, ni mzabibu wenyewe. Ule alioushika babu yake baba yangu ndio huu huu tuliouzika uani mwezi wa kumi na moja, haujafa hata siku moja, umesogezwa tu kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa hiyo mtu akimnyima ndugu yake tawi la mzabibu huu, amemnyima mwili ule ule alioushika baba yao. Haya mimi niliyajua siku niliyotenda nililotenda.

Baba yetu Eshmat alikuwa na wana wawili, mimi Turdiali na Nurmat, na alitugawa mapema kama watu wanavyogawa kondoo. Nurmat alimpeleka kwenye matrekta ya shamba la pamoja, na mimi akaniweka ukutani kwenye mzabibu. Alinifunza kukata. Mwisho wa chini hukatwa sawa, bapa kama kichwa cha nyundo, karibu kabisa na jicho. Mwisho wa juu hukatwa mshazari, ili mvua iteleze, na ili mkono ujue hata gizani upande upi ni kichwa na upi ni miguu. Hivyo ndivyo inavyokatwa katika kijiji hiki chote, na mtu akipokea fungu la vipando haulizi, anapapasa tu, bapa chini, mshazari juu, anapanda.

Wivu ulikuwa wangu, Bahrom, hakuna aliyenitia. Baba yako alikuwa akirudi jioni ananuka mafuta ya trekta, anacheka, amefika Tashkent, amefika Samarkand, amekula samaki wa kukaanga mjini, na mimi nimeshinda nikipogoa. Nilitamani kazi ya reli, mlikuwa hamlijui hilo. Kuna mtu alinipa karatasi ya kujiandikisha stesheni, nikaiweka chini ya godoro miezi miwili, baba akaikuta, akaitia kwenye tanuri la mkate bila kunigombeza. Akaniambia, "Ukienda, nani atauzika?" Basi. Maneno matatu yakanifunga miaka hamsini.

Baba alipokufa, alikuwa ameusia kwamba Nurmat apewe kipande cha ardhi ng'ambo ya mto na vipando sitini vya mzabibu, aanzishe shamba lake. Kwa wengine hilo lingekuwa jambo la heri. Mimi lilinichoma moyo, kwa maana nilijiambia, huyu amepata dunia, na sasa anapewa na ukuta pia? Mimi nitabaki na nini ambacho hana? Nikakaa pale ghalani mwezi wa kumi na moja na mkasi wa baba, nikakata vipando sitini, kimoja baada ya kimoja, na kila kimoja nikakikata kinyume, bapa juu, mshazari chini. Nikavifunga mafungu sita kwa kamba ya pamba, nikavizika mchangani. Ulipofika wakati wa kupanda nikamkabidhi ndugu yangu kwa mikono miwili, na yeye akapokea kwa mikono miwili, akanibusu bega.

Mtasema, hakuwa na macho? Jicho la mzabibu huangalia juu, mtu akiinama akachungua ataona. Ni kweli. Lakini kuligeuzageuza fungu alilolifunga kaka yako, kulichungua kama ununuaye punda sokoni, ni kumvunjia heshima, na Nurmat alikuwa na adabu kuliko mimi. Alipapasa, akapanda. Alipanda vipando sitini vimesimama kwa vichwa, miguu juu. Viwili vikatoa majani meupe kama masikio ya mgonjwa, na kabla ya joto la Julai vyote vilikuwa vijiti vya kuwashia moto.

Kukauka hakukuniuma sana wakati ule, sitawadanganya. Kilichoniuma, na kinaniuma hadi sasa hapa chini ya mbavu, ni kile walichosema wazee msikitini. Walisema mzabibu wa Eshmat umemkataa Nurmat, kwamba marehemu hakuwa radhi naye, kwa sababu siku ya kifo chake Nurmat alikuwa njiani na trekta. Na Nurmat aliyaamini hayo. Alikuja kwangu analia, mwanamume mwenye mabega ya kuinua gurudumu, akaniuliza, "Kaka, baba alikuambia lolote juu yangu?" Nilikuwa na bakuli la chai mkononi. Nikainywa yote mpaka majani, nikamjibu, "Mambo ya Mungu hayo, ndugu yangu." Ningeweza kusema neno moja na kumponya. Sikulisema.

Masika yaliyofuata akajiandikisha kwenda Nyika ya Njaa, kuchimba mifereji ya pamba, akamchukua mkewe na wewe Bahrom ukiwa hujaanza kutembea. Asubuhi ya kuondoka mama yetu alimpa mkate, akauma kipande kimoja kama desturi yetu, na mama akautundika ukutani kwenye msumari ule, ili umngoje arudi aumalize. Mnauona. Alama za meno yake bado zipo. Miaka saba baadaye ilikuja barua kwamba ukingo wa mfereji ulimwangukia. Mama alikataa mkate kushushwa, na alipokufa mama sikuthubutu mimi. Nimelala chini ya meno ya ndugu yangu miaka arobaini na moja. Mtenda akitenda husahau, husema watu, lakini waliosema hivyo hawakutundikiwa mkate.

Basi mzabibu ukanifunga. Nyinyi mmeniona mtu mkali asiyependa safari, mkadhani ni tabia. Arusi ya Shavkat Tashkent nilikaa saa mbili nikarudi, mama yenu Hosiyat, Mungu amrehemu, akalia njia nzima, kwa sababu ilikuwa wiki ya kuuzika na niliogopa barafu. Kila mwaka majani yakianguka naulaza chini, naufunika udongo kama maiti, na kila mishmishi ikichanua naufukua, na katikati ya hapo sina siku yangu. Ng'ambo ya mto sikuvuka tena tangu Nurmat aondoke, ingawa mama yako Bahrom alirudi na wewe kukaa pale kwao, nusu saa tu kwa miguu. Nilikuwa nikiuona moshi wa nyumba yenu kutoka juu ya paa nikigeuza zabibu juani, na nikishauona nilikuwa nahamia upande wa pili.

Kisha ukaja mwaka ule wa amri ya kung'oa mizabibu kwa ajili ya kupiga vita ulevi, na sisi ambao hata mvinyo hatuufahamu tukang'olewa pamoja na walevi. Watu wa serikali walikuja Machi na shoka na minyororo, wetu ukiwa bado chini ya udongo, nikamwaga samadi juu ya tuta, nikamfunga fahali pale juu, nikawaambia mzabibu uliuawa na baridi. Yule fahali alikuwa na hasira kuliko serikali, hawakumsogelea. Walipoondoka, kijiji kizima hakikuwa na tawi hata moja la zabibu ile isipokuwa kwangu. Watu walikuja na kofia mkononi kuomba vipando. Nikawanyima wote. Niliagiza kila tawi linalopogolewa lichomwe kwenye tanuri, nikasimama kuhakikisha. Nilijiambia naulinda. Kumbe niliogopa, kwa sababu siku yoyote mtu mwingine akipanda na ukashika, watu wangeuliza, mbona kwa Nurmat haukushika?

Na mwaka ule ule ndipo mwalimu yule wa Jizzakh alipoleta posa ya Oydin. Kijana mpole, viatu vyake safi. Mama yenu alikuwa amekwisha kufa, Shavkat mikono yake ya usukani tu, akipogoa anaacha tawi kama limetafunwa na mbuzi, usikunje uso, ndivyo ilivyo. Nani angeuzika? Nikamwita binti yangu, nikaweka mkate mbele yake, nikauweka mkono wake juu, nikamwapisha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba yangu alinifunga kwa maneno matatu, na mimi nikamfunga yeye kwa mkate. Anayeonja jela hutakiwa aichukie, mimi nilimjengea binti yangu chumba cha pili.

Oydin, usiniangalie hivyo, najua habari ya barua. Iko chini ya kopo la sukari. Kitalu cha miche cha Fargona wanakuita ukawafundishe wasichana kukata na kuotesha, wamekuandikia mara tatu, na mara mbili umewajibu kwamba una baba mzee. Nilisoma nikiwa bado naweza kujiburura hadi kabatini. Sikulala siku mbili.

Sasa huu ndio wosia wangu. Mishmishi ikichanua, ufukueni mzabibu, kateni vipando vyote vinavyokatika, na kila nyumba ya kijiji hiki iletewe fungu mlangoni bila kuombwa. Lakini fungu la kwanza, vipando sitini, bapa chini, mshazari juu, mchukulieni Bahrom ng'ambo ya mto, na mumwambie mbele ya watu, msikitini, kwamba Eshmat alikuwa radhi na mwanawe Nurmat, na mkono uliokata kinyume ulikuwa wa Turdiali. Bahrom, mwanangu, sikuombi unisamehe sasa hivi. Kaa na fungu lako, uone litashika, ndipo...

Mbona mnatazamana? Shavkat, kuna nini cha kutazamana? Nimekwisha kusema asinikatize mtu. Bahrom, unatafuta nini mfukoni, kifo cha baba yako kinaelezwa, wewe unatafuta... Nini hiki? Usinitie kitu mdomoni, sitaki dawa.

Hii ni zabibu kavu.

Subirini. Nipeni nyingine.

Hii ni yetu. Msinidanganye, ulimi wangu ndicho kiungo pekee kilichobaki hai. Utamu unaokuja baadaye, halafu ile chachu nyuma ya jino, hii ni ya ukuta ule. Lakini si ya ghala letu, hii imekaushwa kivulini, na mimi hukausha juani. Umeipata wapi, Bahrom? Sema. Shambani kwako? Tangu lini? Miaka kumi na miwili.

Oydin.

Nilisimama pale tanurini nikihesabu mafungu yakiingia motoni! Ngoja. Ngoja kwanza. Mwaka ule mkate ulinuka moshi wa mti wa mforosadi, nikasema unga mbaya, nikamgombeza mwenye kinu bure. Ulichoma matawi ya mforosadi. Ulifunga matawi ya mforosadi kwa kamba ya pamba ukayapitisha mbele ya pua yangu. Na vipando ukavipeleka ng'ambo ya mto. Na ulijua nini hata ukafanya hivyo, nani alikuambia?

Sema kwa sauti, mwanangu, masikio yangu yamejaa.

"Mama yake Bahrom aliweka kijiti kimoja, baba. Kilikuwa na udongo upande wa bapa, na macho yake yote yaliangalia chini."

Kijiti kimoja. Mwanamke yule alikiweka kijiti kimoja kikavu miaka yote ile. Kwa hiyo mlijua. Bahrom, ulikuwa ukija hapa kila Idi, ukinibusu bega kama alivyonibusu baba yako, na ulijua. Oydin, umenimwagia maji ya kunawa asubuhi na jioni, na ulijua. Shavkat naye? Hata huyu? Basi nilikuwa nalinda mlango wa zizi ambalo kondoo walikwisha kutoka.

Naona hasira, msicheke. Nilitaka niufungue mimi. Nimefanya mazoezi ya maneno haya tangu mwezi wa kumi na moja, na kumbe nagawa kilichokwisha gawiwa. Nipeni maji. Si mengi.

Afadhali. Nasema afadhali, na nasema kweli. Ulishika, Bahrom? Vingapi? Hamsini na tisa kati ya sitini. Hicho kimoja, labda panya. Baba yako angecheka sana. Angesema, ona, kaka, baba amenipenda kasoro kimoja.

Shusha mkate ule, Bahrom. Wewe ndiye wa kuushusha. Taratibu, ni kama jiwe sasa, utavunjika. Loweka pale penye meno yake, katika bakuli langu la chai, uule hata chembe. Yeye amerudi. Amerudi kwa kinywa chako. Kilichobaki kipondeni muwape ndege, mkate hautupwi.

Pumzi yangu inakatika, nitasema kwa kifupi. Kijijini gaweni kama nilivyosema, fungu kwa kila nyumba. Msikitini semeni kama nilivyosema, hilo bado ni la kwangu, hakuna aliyelisema kabla yangu. Nizikeni karibu na mama yenu, si karibu na ukuta. Uani asiachwe mtu wa kulinda. Ukifa ule wa ukutani, ng'ambo ya mto upo, ni ule ule.

Oydin, sogea. Kiapo chako nimekivunja. Sikiliza, si kwamba nimekupa ruhusa, ruhusa haikuwa yangu. Leta mkate wa asubuhi hii, ule uliougonga mhuri wako katikati kabla ya kuuoka. Uma mbele yangu. Tulimtundikia Nurmat mkate ili umvute arudi, ukamvuta, akafa shingo imegeuka nyuma. Wako usiutundike. Utie wote mfukoni, uule njiani, uumalize kabla hujafika Fargona. Ukitamani kuja, njoo. Usipotamani, hakuna kitakachokungoja ukutani.

Shavkat, msumari. Ung'oe. Kwa mkono, umekwisha kulegea.

Fungueni viganja. Mungu awape... awape njia, na awarudishe mnakotaka nyinyi kurudi. Nurmat awe radhi. Amina. Pitisheni usoni. Mimi mikono haiinuki, Oydin, nipitishie.

Umeuma? Sikusikia.

Uma tena, mwanangu. Nataka kusikia unavyotafuna.